Mwalimu kasema nyota zetu hazipatani, simu inasema asilimia 71: tushike lipi?

SWALI: "Nina miaka 26, niko Tanga. Ndoa yetu imepangwa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Wiki iliyopita shangazi wa mchumba wangu alipeleka majina yetu na ya mama zetu kwa mwalimu wa nyota. Akaambiwa mimi ni Ndoo na mwenzangu ni Nge, upepo na maji, na ndoa haitavuka mwaka wa tatu mpaka nyota yangu isafishwe kwa shilingi 350,000. Mimi kwa tarehe ni Kaa (3 Julai), yeye ni Mizani (11 Oktoba). Nikapakua programu ya kulinganisha ramani za kuzaliwa. Kadi yangu ya kliniki inasema 'saa 2:15 usiku', nikajaza 2:15. Yeye alizaliwa nyumbani, mama yake anakumbuka tu kwamba adhana ya Alfajiri ilikuwa imeshatoka na jua halijachomoza, basi nikaiacha ile 12:00 iliyowekwa na programu. Imetoa asilimia 71 kwa mapenzi na 38 kwa ndoa. Hatujawahi kugombana kwa jambo kubwa, lakini sasa silali, na yeye ameanza kuwa kimya. Nyota zetu ni zipi hasa? Tufanyeje?"

JIBU: Dada yangu, pole kwa usingizi uliopotea. Nikikusoma naona hofu mbili zimefungwa kwenye kitambaa kimoja. Ya kwanza ni kama nyota zenu kweli zinapingana. Ya pili ni huo mwaka wa tatu uliotajiwa, ambao sasa mnalala nao na kuamka nao. Tuzifungue moja moja, maana zikibaki pamoja hazieleweki.

Ulichonacho mkononi si majibu matatu ya swali moja. Ni hesabu tatu tofauti. Ya mwalimu imepima majina. Ile ya Kaa na Mizani imepima mahali Jua lilipokuwa siku mliyozaliwa, basi. Ya simu ilitaka kupima anga lote la saa mliyozaliwa, ila imelishwa saa ambazo si zenu. Ndiyo maana umekuwa Ndoo kwa mmoja na Kaa kwa mwingine, na hakuna aliyekudanganya katika hilo.

Tuanze na mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekutia hofu. Hesabu yake ni ya abjadi, na pwani ni kongwe. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu 1, be 2, jimu 3, hivyo hivyo mpaka ye 10, kisha makumi, kisha mamia, mpaka ghaini 1000. Jina la mtu linajumlishwa na la mama yake, jumla inagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota: 1 ni Punda, ambayo vitabuni ni Hamali, 2 ni Ng'ombe, 11 ni Ndoo, na isipobaki kitu ni Samaki.

Chukua jina la mfano, Salma binti Fatma. Salma: sini 60, lamu 30, mimu 40, na ye ya mwisho 10, jumla 140. Fatma: fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, na ile te ya mviringo ya mwisho ikihesabiwa kama he ni 5, jumla 135. Pamoja ni 275. Gawanya kwa 12, inabaki 11: Ndoo, kama ulivyoambiwa wewe. Sasa mwalimu mwingine, naye ni msomi, anaihesabu te ile kama te kamili, 400. Fatma anakuwa 530, jumla 670, inabaki 10: Mbuzi. Wa tatu anaandika Salma kwa alifu mwishoni badala ya ye: 131 na 135 ni 266, inabaki 2: Ng'ombe. Wa nne anafanya yote mawili, 661, inabaki 1: Punda. Mtu ni yuleyule na mama yake ni yuleyule, lakini kwa kalamu nne amepita kwenye upepo (Ndoo), udongo (Mbuzi na Ng'ombe) na moto (Punda). Na jina kama Tumaini au Joyce, ambalo halina tahajia ya Kiarabu iliyozoeleka, kila mmoja ataliandika anavyolisikia.

Kwa hiyo ukitaka kujua uzito wa neno "hazipatani", shangazi aulizwe jambo moja: majina yaliandikwaje? Kama hakuandika yeye, ameyatamka tu na mwalimu akaandika, basi Ndoo yako inasimama juu ya herufi moja au mbili. Tena ona kwamba hesabu hii haina tarehe ya kuzaliwa hata kidogo. Kila mwanamke mwenye jina lako ambaye mama yake ana jina la mama yako ni Ndoo mwenzako, awe wa miaka 5 au 70.

Kaa na Mizani nako kuna la kusema, ingawa ni fupi. Wanaosoma nyota kwa tarehe huziona Kaa na Mizani kuwa na ugomvi kwa sababu kati yake kuna robo ya duara, digrii 90, umbali unaoitwa mraba. Lakini Jua la 3 Julai huwa kwenye digrii ya 11 hivi ya Kaa, na la 11 Oktoba kwenye ya 18 hivi ya Mizani. Kati yake ni digrii 97. Mnajimu anayebana kwa digrii 6 atakuambia hapo hamna mraba wowote. Anayeruhusu 8 atakuambia upo. Neno lililokutisha linategemea digrii mbili za hiari ya msomaji.

Sasa simu. Hapa ndipo penye kosa kubwa, na ni kosa ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Saa 2:15 usiku ni 20:15. Ulipojaza 2:15, programu ilielewa saa 8:15 usiku wa manane, yaani ilikuzaa saa 18 kabla hujazaliwa. Mwezi husogea digrii 13 hivi kwa siku, kwa hiyo Mwezi wako umewekwa nyuma kwa karibu digrii 10, theluthi nzima ya nyota moja. Nyota inayochomoza mashariki ndiyo iliyoharibika zaidi, kwani hiyo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, digrii moja kwa dakika nne. Kwa mtu wa Tanga wa 3 Julai, saa 2:15 usiku inayochomoza ni Ndoo. Kwa saa uliyojaza ni Ng'ombe. Nyumba ya saba, ambayo wanajimu huisoma kuwa ya ndoa, ni ile inayoikabili ya mashariki: kwa saa yako ya kweli ni Simba, programu ikaisoma Nge. Huenda hiyo 38 ya ndoa imetoka humo.

Kabla ya kurekebisha, muulize mama kama kadi iliandikwa kwa saa za Kiswahili. Neno "usiku" linaonyesha hivyo, lakini wapo wakunga wanaoandika 2:15 ya kizungu na kuongeza "usiku" wakimaanisha baada ya saa sita. Mama atakumbuka kama watu walikuwa wamekwisha kula au wamelala. Angalia pia tarehe. Kwa hesabu ya wazee wa pwani usiku hutangulia mchana, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa bibi ni usiku wa Alhamisi kwa kalenda ya ukutani. Ndani ya programu hakikisha mambo matatu: mji ni Tanga ya Tanzania, latitudo ni ya kusini na si kaskazini, na saa za eneo ni +3. Programu nyingine hutaka mwezi kwanza ndipo siku, na hapo 3 Julai inageuka 7 Machi.

Kwa mwenzako, kumbukumbu ya mama yake ni hazina kuliko unavyodhani. Tanga mwezi wa Oktoba adhana ya Alfajiri hutoka karibu saa 11 kasoro dakika kumi, na jua huchomoza saa 12 na dakika chache. Mtoto aliyezaliwa katikati ya hapo, nyota yake ya mashariki ipo nyuma kidogo ya Jua lenyewe kwenye duara la nyota: Mizani, au mwishoni kabisa mwa Mashuke. Jaza 5:30 na hutakosea kwa zaidi ya dakika arobaini hivi. Ile 12:00 iliyoachwa na programu ni saa sita mchana, ambapo kwake ilikuwa inachomoza Mbuzi. Mama amesikia adhana, nyinyi mkaamini namba ya kiwandani.

Ukishajaza upya, usiangalie asilimia. Kulinganisha ramani hakufanywi kwa asilimia. Inachukuliwa sayari moja ya mmoja, inapimwa umbali wake na kila sayari ya mwenzake, kisha unasomwa umbali huo: digrii 0 zimeungana, 60 na 120 zinasaidiana, 90 zinasuguana, 180 zinakabiliana. Wasomaji makini huruhusu digrii 5 au 6 kwa Jua na Mwezi, 3 kwa zilizobaki. Kwa mfano, Zuhura ya mmoja ikiwa digrii 14 ya Ng'ombe na Mirihi ya mwenzake digrii 17 ya Simba: Ng'ombe huanzia 30, kwa hiyo Zuhura ipo 44, Simba huanzia 120, Mirihi ipo 137. Tofauti ni 93, mraba wenye kasoro ya digrii 3. Mnajimu husema hapo pana mvuto mkali na ubishi mkali pamoja. Zinazotazamwa kwanza ni Mwezi na Mwezi, Zuhura na Mirihi, na Zohali ya mmoja juu ya Jua au Mwezi wa mwingine. Neptune na Pluto mziache. Huenda polepole mno, watu wa rika moja karibu wote wanazo sehemu zilezile, hata wale wasiofahamiana.

Na Zuhura yako usiikisie kwa tarehe. Haiendi mbali na Jua zaidi ya digrii 47 au 48, kwa hiyo kwa Jua lako inaweza kuwa Ng'ombe, Mapacha, Kaa au Simba. Marafiki wawili wa 3 Julai wa miaka tofauti wanaweza kuwa na Zuhura zisizofanana kabisa, na wote gazeti linawaambia mapenzi ya Kaa.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo ningependa kila mchumba aijue. Sayari kumi za mmoja (wanajimu huhesabu humo Jua, Mwezi na Pluto) kwa kumi za mwenzake ni jozi 100. Ukiruhusu digrii 6 kila upande kwa umbali ule wa aina tano, umefunika digrii 96 za duara lenye 360. Maana yake ni kwamba watu wawili wowote, hata uokote majina kwenye daftari la kura, watakuwa na miunganiko kama 27 kwa bahati tu, na humo zitakuwemo za kusaidiana na za kusuguana. Ni vigumu kupata jozi ya watu isiyo na mraba. Anayetaka kukutisha atakusomea miraba, anayetaka kukufurahisha atakusomea zile za 120, na wote wawili watakuwa wameziona kwenye karatasi. Programu hufanya hivyohivyo: imeamua mraba ni kutoa alama ngapi na 120 ni kuongeza ngapi, na kila mtengenezaji ana bei yake. Baadhi pia hutumia mfumo wa Kihindi, ule wa alama 36 ambao familia nyingi za Kihindu huutumia, zile za pwani yetu zikiwemo, na kuhesabu 18 kuwa ndicho kima cha chini. Mfumo huo husogeza nyota nyuma kwa digrii 24 hivi, na huko Jua lako halimo hata kwenye Kaa, limo Mapacha.

Sasa swali ambalo hukuliuliza wazi ila lipo nyuma ya yote: je, mambo haya yanatabiri ndoa? Nitakujibu bila kuzungusha. Hapana, kwa kadiri yalivyopimwa. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson wa Marekani, ambamo wanajimu walipewa ramani ya mtu na maelezo ya tabia ya watu watatu, wachague ya mwenye ramani. Walipata kama mtu anayebahatisha, moja kwa tatu. Mwaka 2007 David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alitazama sensa ya England na Wales ya 2001, wanandoa milioni 20, akitafuta kama kuna nyota zinazooana kuliko nyingine. Hakukuta. Kama upepo na maji kweli visingekaa nyumba moja, kwenye ndoa milioni kumi tungeona angalau kivuli chake.

Basi ramani ina faida gani? Mimi naiona kuwa na faida moja, na si ndogo: inakupa orodha ya mambo ambayo wachumba huona haya kuyagusa. Mwezi, kwa wanajimu, ni jinsi mtu anavyotaka kutulizwa. Muulizeni kila mmoja mwenzake: ukiwa na huzuni, unataka nikae karibu au nikuache kwanza? Mirihi ni hasira. Ukikasirika unasema palepale au unanyamaza siku tatu? Zohali ni wajibu na mzigo: mshahara utawekwa wapi, nani anasaidiwa kila mwezi kati ya ndugu zako na wangu, na kama mama mmoja akiugua ataletwa kuishi kwetu? Zuhura ni kupendwa: unajua unapendwa ukiambiwa, ukisaidiwa kazi, au ukipewa muda? Majibu mtakayopeana yana thamani hata kama saa za kuzaliwa zote zimekosewa. Na anza na ukimya wake. Mwulize mchumba wako shangazi alimwambia nini ambacho wewe hukuambiwa, kisha mwache amalize kusema kabla hujajibu.

Shilingi 350,000 usitoe, wala asitoe yeye kwa siri. Tafuta kwenye abjadi, tafuta kwenye ramani ya kuzaliwa, hukuti mahali nyota inapochafuka wala inaposafishwa. Hesabu ya majina haina nafasi ya uchafu, ni kugawanya kwa 12. Kusafisha kumepachikwa juu, na mara nyingi hakuishi mara moja: baada ya kwanza huja ubani, kisha kuku wa rangi fulani, kisha "kuna mtu kaifunga". Hofu ya mwaka wa tatu inafanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu kila mkigombana kidogo mtakumbuka namba ile. Usimpe mtu wa mtandaoni picha yako, namba ya kitambulisho, wala jina la mama yako ukidhani ni kwa ajili ya nyota. Jina la mama ni moja ya maswali ambayo benki na kampuni za simu huuliza kukutambua.

Kipimo ambacho kweli kinatabiri jambo la ndoa kipo hospitali. Nendeni wawili mkapime selimundu (siko seli) kabla ya Mfungo Pili. Mtu mwenye vinasaba AS, yaani kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu, anaweza kuwa mzima wa afya maisha yake yote asijue. Lakini mkiwa wote AS, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa wenyewe, SS. Mkijua mapema mnaamua kwa macho wazi, mkiongozwa na daktari. Hapohapo pimeni VVU, homa ya ini aina ya B, na kundi la damu: damu yako ikiwa ya kundi hasi (Rh-) na yake chanya (Rh+), kuna sindano ya kulinda mimba ambayo haifai kusahauliwa.

Kama dini yako inakukataza kwenda kwa watabiri, hilo si langu kulitolea hukumu, lipeleke kwa sheikh wako. Atakutenganishia falaki ya kujua mwezi mwandamo na nyakati za swala na ile ya kubashiri, maana pwani zote tunaziita kwa jina moja. Msikitini au kwa kadhi mnaweza pia kupata nasaha za kabla ya ndoa. Ombeni mkae wote wawili, si wewe peke yako.

Mtafute mtu wa ana kwa ana haraka ikiwa usiku usio na usingizi unapita wiki mbili, au huli, au unawaza kujidhuru: hapo ni hospitali, kitengo cha afya ya akili, na hakuna aibu. Na ikiwa huo ukimya umegeuka vitisho, kukukagua simu, au mkono kunyanyuliwa, usisubiri nyota ya mtu. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kwa shangazi, asiende mwali. Aende mchumba wako, ni damu yake, na ikibidi afuatane na mshenga. Amshukuru kwa kuwahangaikia, maana alifanya hivyo kwa mapenzi, kisha amwonyeshe ile hesabu ya Salma binti Fatma kwa kalamu na karatasi, aipige mwenyewe mara nne. Amwambie majibu ya hospitali atakuwa wa kwanza kuyasikia.